Usukani Unapokuwa Mzito Ghafla: Kwa Nini Kipuri Kilekile Huharibika Mara kwa Mara

Sumbawanga, Rukwa

Msimu wa mavuno unapofika katika uwanda wa juu wa Ufipa, barabara zinazoiunganisha Kata ya Mollo na katikati ya Manispaa ya Sumbawanga hupata shughuli nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Malori yenye magunia ya mahindi na maharage, pikapu za wafanyabiashara, magari ya abiria na yale yanayohudumia shamba la Gereza la Mollo hupishana katika vumbi jembamba ambalo hupenya kila mahali, hadi ndani ya injini. Ni majira pia ya baridi kali ya Juni na Julai, ambapo dereva huliwasha gari alfajiri, hukunja usukani kutoka uani, na mara husikia mlio mkali wa kuchukiza chini ya boneti. Mlio ule hudumu sekunde chache, kisha hunyamaza. Wengi hawaufikirii tena.

Mlio huo mara nyingi ndio taarifa ya kwanza ya tatizo ambalo baadaye humkuta dereva akiwa kwenye kona, gari likiwa na mzigo, usukani ukawa mzito ghafla kana kwamba umefungwa kwa kamba. Gari hupelekwa gereji, kipuri kimoja hubadilishwa, safari huendelea. Baada ya wiki tatu au miezi miwili, tatizo lilelile hurudi na kipuri kilekile hununuliwa tena. Katika mji ambao jina lake lenyewe kwa kawaida huelezwa kuwa na maana ya kutupa uchawi, haishangazi kusikia mwenye gari akisema kwa utani kwamba gari lake limechezewa. Maelezo ya kiufundi yapo, na ni mepesi kuliko hayo. Kipuri kinachoharibika mara kwa mara kwa kawaida si chanzo cha ubovu. Ni mahali ambapo ubovu mwingine, ulioachwa bila kutafutwa, hujitokeza.

Nguvu inayosaidia mikono

Magari ya zamani hayakuwa na msaada wowote wa kugeuza usukani zaidi ya misuli ya dereva. Mhandisi wa Marekani, Francis W. Davis, alionesha mfumo wa kusaidia usukani kwa nguvu ya mafuta katikati ya miaka ya 1920, lakini ulichukua takribani robo karne kufika sokoni kwa magari ya watu wa kawaida, pale kampuni ya Chrysler ilipoutumia katika gari lake la Imperial mwaka 1951. Mfumo wa umeme ulikuja baadaye sana. Kampuni ya Suzuki ya Japani ilikuwa ya kwanza kuuweka katika gari dogo la Cervo mwaka 1988. Leo hii karibu kila gari linaloingia Tanzania lina mmojawapo wa mifumo hii miwili, ambayo madereva na mafundi huiita kwa jina moja, pawa stelingi.

Katika mfumo wa mafuta, injini huzungusha pampu kwa kutumia mkanda wa mpira. Pampu husukuma mafuta ya haidroliki kupitia mpira maalumu wa presha hadi kwenye raki, au kwenye boksi la stelingi kwa malori mengi, na mafuta hayo ndiyo yanayosukuma magurudumu upande ambao dereva amekunja. Dereva anapokunja usukani hadi mwisho na kuushikilia hapo, presha ndani ya mpira ule inaweza kuzidi mara 30 ya upepo uliomo katika tairi la gari dogo. Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji wengi wa magari humwonya dereva asiushikilie usukani mwishoni kwa zaidi ya sekunde chache.

Jambo moja linapaswa kueleweka mapema, kwa sababu kutolielewa kumesababisha hofu isiyo ya lazima. Pawa stelingi ikifa, usukani haukatiki. Katika magari yanayotumika nchini, usukani umeunganishwa na magurudumu kwa vyuma, na vyuma hivyo hubaki mahali pake. Kinachopotea ni msaada tu. Gari linaendelea kugeuka, ila linadai nguvu nyingi zaidi, hasa likiwa katika mwendo mdogo au likiwa na uzito mkubwa mbele. Hatari yenyewe iko katika mshtuko. Dereva aliyezoea kugeuza kwa kidole kimoja hudhani usukani umekufa kabisa, akauachia, au akafanya jambo baya zaidi, akazima injini gari likiwa bado linatembea.

Safari ya mkanda mmoja

Hakuna kipuri kinachonunuliwa mara nyingi kwa tatizo hili kuliko mkanda, ambao wengi wanauita feni beti. Kwa kuwa bei yake si kubwa na kuubadilisha hakuchukui muda mrefu, umekuwa jibu la haraka. Hata hivyo mkanda wa kiwango kizuri, uliofungwa sawasawa, hutarajiwa kudumu kwa maelfu mengi ya kilomita. Mkanda unaokatika kila baada ya wiki chache unatoa ushahidi kuhusu kitu kingine.

Kitu cha kwanza cha kutazama ni mafuta yaliyomwagikia mkanda. Mpira wa presha ukivuja kidogo tu kwenye maungio, au sili ya mbele ya pampu ikichoka, matone ya haidroliki huangukia mkanda na puli. Mafuta hayo hulainisha na kuvimbisha mpira, mkanda ukaanza kuteleza. Unapoteleza hupata joto, unapopata joto huchanika kingo zake, na siku moja hukatika. Fundi anayebadilisha mkanda bila kufuta puli na bila kuziba pale panapovuja amemwandalia mteja wake safari ya kurudi. Vumbi la Ufipa huzidisha hali hii, kwa sababu vumbi likichanganyika na mafuta hufanya tope linalosaga mpira kama msasa.

Kitu cha pili ni beringi za puli zinazokaza mkanda. Puli hizi huzunguka wakati wote injini inapofanya kazi, na beringi zake zina grisi iliyofungiwa ndani ambayo haiongezwi. Grisi ikikauka beringi hupiga kelele ya kukwaruza, puli hulegea na kuinama kidogo, na mkanda huanza kutembea pembeni hadi ule kingo zake. Jaribio ni rahisi: injini ikiwa imezimwa na mkanda umetolewa, kila puli izungushwe kwa mkono. Inayokwaruza au kutikisika ibadilishwe. Kazi hii haichukui dakika kumi, lakini katika gereji nyingi hurukwa kwa sababu mwenye gari anasubiri pembeni akihimiza apate gari lake.

Sababu ya tatu hutokana na vipuri vya kutoka gari jingine. Pampu iliyotolewa kwenye gari la toleo tofauti inaweza kuonekana sawa kwa macho, lakini puli yake ikawa mbele au nyuma kwa milimita mbili. Kwa mkanda, milimita mbili ni nyingi. Kila mzunguko unauvuta upande mmoja, na mizunguko hiyo ni maelfu kwa dakika. Rula ndefu iliyonyooka ikiwekwa juu ya puli zote huonesha mara moja kama zimelingana.

Baridi nayo ina nafasi yake. Asubuhi ya Julai katika mji ulio takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mpira huwa mgumu na mafuta ya haidroliki huwa mazito. Wakati huohuo altaneta inafanya kazi kubwa ya kurudisha umeme uliotumika kuwasha injini, na taa zimewashwa. Dereva anapokunja usukani hadi mwisho ili atoke uani, mkanda hubebeshwa mizigo hiyo yote kwa pamoja. Ukiwa umelegea hupiga mlio. Wapo wanaopaka sabuni ili kuunyamazisha. Sabuni hunyamazisha mlio lakini haiondoi kilichousababisha, na kwa mkanda uliokwisha kuchoka huongeza utelezi.

Dereva wa gari ambalo mkanda wake mmoja huzungusha pampu ya stelingi, altaneta na pampu ya maji anapaswa kuitambua dalili moja kwa moyo. Usukani ukiwa mzito, taa ya betri ikawaka kwenye dashibodi, na mshale wa joto ukaanza kupanda, mkanda umekatika au umetoka. Hapo hakuna kujikokota hadi mjini. Injini isiyozungukiwa na maji inaweza kuharibika ndani ya kilomita chache, na gharama ya kuifufua ni kubwa mno ikilinganishwa na bei ya mkanda.

Mafuta, mipira na uvujaji unaojificha

Baada ya mkanda, kinachofuata kwa kurudiarudia ni mafuta yanayopungua. Mfumo wa pawa stelingi ni wa kufungwa, na mafuta yake hayatumiki kama dizeli au petroli. Yakipungua, yametoka mahali fulani. Mwenye gari anayeongeza nusu chupa kila Jumatatu hajatengeneza gari. Amezoea tu kuishi na ubovu wake.

Mafuta yakipungua kupita kiasi pampu hunyonya hewa. Hewa hufanya povu, povu halisukumi, na usukani huanza kuwa mzito na mwepesi kwa zamu huku pampu ikilia kama mnyama anayeugua. Pampu inayozungushwa bila mafuta ya kutosha hujisaga yenyewe, na chembe za chuma zinazotoka humo husambaa katika mfumo mzima. Ndiyo sababu pampu mpya iliyofungwa bila kusafisha tangi dogo la mafuta na mipira yake huweza kufa mapema kuliko ile ya zamani. Uchafu wa pampu ya kwanza ndio unaoiua ya pili.

Raki nayo hulindwa na mipira iliyokunjwakunjwa kama kinanda cha mkono, iliyovalishwa pande zote mbili. Jiwe moja la barabara ya changarawe linaweza kuutoboa. Kuanzia siku hiyo, vumbi na maji ya matope hufika kwenye chuma kinachong'aa cha raki, hukikwaruza na kuchana sili. Kuubadilisha mpira wa kinga ukiwa umepasuka ni kazi ya fedha kidogo, ilhali kuibadilisha raki nzima ni mzigo mkubwa kwa mkulima au mwalimu mwenye gari dogo. Katika barabara za aina ile ya Mollo, ukaguzi wa mipira hii unastahili kufanywa kila gari linapomwagwa mafuta ya injini, kwa kuwa fundi tayari yuko chini.

Kuna kosa jingine ambalo hufanywa kwa nia njema. Mafuta ya haidroliki yakikosekana, mtu humimina mafuta ya breki kwa kudhani kuwa yote ni majimaji ya presha. Mafuta ya kawaida ya breki hayapatani na mpira wa sili za stelingi. Huzivimbisha na kuzilegeza, na baada ya siku chache kila maungio huanza kuvuja. Aina sahihi huandikwa kwenye kifuniko cha tangi au kwenye kitabu cha gari. Baadhi ya magari hutumia mafuta ya gia ya otomatiki, mengine yana mafuta yake maalumu, na kuyachanganya ni kubahatisha.

Mpira wa presha unaovuja nao hutengenezwa kwa njia zisizofaa. Hukatwa, ukaunganishwa kwa kipande cha bomba na klempu mbili za kukaza kwa bisibisi. Klempu hizo zinafaa kwa mpira wa kurudisha mafuta, ambao presha yake ni ndogo. Kwa mpira wa kupeleka, zitashikilia wakati gari limesimama gereji na kuachia siku dereva atakapokunja kona kwa nguvu akiwa na mzigo. Maungio ya mpira huo hubanwa kwa mashine, na kama mashine hiyo haipo, mpira mzima ubadilishwe.

Magari madogo na usukani wa umeme

Magari madogo mengi yanayonunuliwa na familia za mijini, yakiwamo Toyota IST, Passo na Vitz, hayana pampu ya mafuta wala mkanda wa stelingi. Yana mota ya umeme na kompyuta ndogo inayopima nguvu ya mkono wa dereva. Faida yake ni kuokoa mafuta na kuondoa uvujaji. Udhaifu wake ni kwamba mota hiyo hudai umeme mwingi kwa ghafla, na umeme ukishuka chini ya kiwango, kompyuta huukata msaada na kuwasha taa ya tahadhari.

Hapa pia kipuri hulaumiwa kabla ya chanzo. Mota hubadilishwa kwa gharama kubwa ilhali ubovu ulikuwa betri iliyochoka, altaneta isiyochaji vizuri, au waya wa ethi ulioshika kutu pale ulipofungwa kwenye bodi. Kupima volti za betri injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inanguruma huku usukani ukikunjwa, ni hatua ya kwanza ya fundi makini. Tena, mota ikipata joto kwa kukunjwakunjwa gari likiwa limesimama, kama inavyotokea mtu anapohangaika kuegesha mahali pembamba sokoni, mfumo hupunguza msaada kwa makusudi ili mota isiungue. Usukani ukirudi kuwa mwepesi baada ya dakika kadhaa, huenda hakuna kilichoharibika. Fyuzi ya mfumo huu ikikatika isibadilishwe kwa kipande cha waya, kwani fyuzi hukatika ili kuzuia moto.

Tatizo la kurudiarudia si la gereji za vijijini pekee. Mapema mwaka 2010 Mamlaka ya Taifa ya Usalama Barabarani ya Marekani ilifungua uchunguzi baada ya kupokea malalamiko zaidi ya 1,100 kuhusu magari ya Chevrolet Cobalt ambayo usukani wake wa umeme ulikuwa ukipoteza nguvu. Machi mwaka huo kampuni ya General Motors iliyaita kiwandani takribani magari milioni 1.3 Amerika ya Kaskazini ili mota zibadilishwe. Jambo hilo halikuishia hapo. Tarehe 31 Machi 2014 kampuni hiyohiyo ilitangaza tena kuyaita magari mengine yapatayo milioni 1.3 nchini Marekani kwa kasoro ya aina hiyo, na ikakiri kwamba baadhi yalikuwa yamekwisha kuitwa awali na kwamba hatua iliyochukuliwa wakati ule haikutosha. Kama mtengenezaji mwenye maabara na wahandisi wa kila aina alilazimika kurudi kwenye kasoro moja mara ya pili, fundi wa mtaani anayefanya hivyo hastahili dharau. Anachohitaji ni utaratibu wa kuuliza kwa nini.

Mfano wa karibu zaidi na soko la Tanzania ni wa Novemba 2012, ambapo Toyota iliita takribani magari milioni 2.77 duniani kote, yakiwamo ya aina ya Corolla, Wish na Prius. Sehemu ya kasoro ilihusu mhimili unaounganisha usukani na raki, ambao chuma chake hakikuwa na ugumu wa kutosha, hivyo ungeweza kulika iwapo usukani ungekunjwa mara kwa mara hadi mwisho kwa nguvu katika mwendo mdogo. Magari ya namna hiyo huja Afrika Mashariki yakiwa yametumika, na mnunuzi hawezi kujua kwa kuyatazama kama matengenezo hayo yalifanyika Japani kabla ya kusafirishwa. Namba ya chesesi ndiyo inayoweza kujibu swali hilo, kwani watengenezaji huweka katika tovuti zao sehemu ya kuingiza namba na kuona kama gari lilikuwa katika orodha. Mnunuzi anayeagiza gari ana haki ya kumtaka wakala wake afanye hivyo kabla ya kulipa.

Mteremko wa kwenda bondeni

Yote yaliyotangulia huwa na uzito wa pekee kwa sababu ya umbo la nchi yenyewe. Uwanda wa Ufipa umeinuka kama meza kati ya maziwa mawili. Ziwa Rukwa liko takribani mita 800 juu ya usawa wa bahari, na barabara inayotoka Ntendo kwenda Muze hushuka kiasi cha mita elfu moja kupitia milima ya Lyambalyamfipa, kona baada ya kona. Upande wa magharibi, magari yanayokwenda bandari ya Kasanga nayo hushuka hadi Ziwa Tanganyika. Gari lililopakia mahindi Mollo leo linaweza kuwa kwenye mteremko huo kesho.

Katika miteremko hiyo ipo tabia ya kuliachia gari bila gia, na wengine huthubutu hata kuzima injini, kwa lengo la kuokoa mafuta. Akiba hiyo haina thamani ya kile kinachowekwa rehani. Pampu ya stelingi huzungushwa na injini, na injini ikizimika msaada wa usukani hupotea papo hapo. Msaada wa breki nao hubaki kwa mikanyago michache tu, kisha pedali huwa ngumu kama jiwe. Katika lori linalotumia breki za upepo, kompresa husimama na upepo uliobaki hupungua kwa kila mkanyago. Dereva hujikuta na gari zito, lisilo na gia ya kulizuia, usukani mgumu na breki zinazofifia, vyote kwa mara moja na kwa uamuzi wake mwenyewe. Na akichomoa ufunguo, kufuli la usukani linaweza kuufunga kabisa.

Iwapo msaada wa usukani utapotea gari likiwa katika mwendo, hatua zinazofaa hazihitaji ujuzi wa fundi. Dereva ashike usukani kwa mikono yote miwili na aondoe mguu kwenye mafuta taratibu. Injini iachwe ikinguruma hadi gari lisimame. Apunguze gia, asikate kona ghafla, awashe taa za tahadhari na atafute mahali tambarare pa kuegesha nje ya barabara. Alama za pembetatu ziwekwe mbali vya kutosha kwa anayekuja nyuma kuziona kabla ya kona. Baada ya hapo boneti ifunguliwe na mambo matatu yatazamwe: mkanda upo au haupo, tangi la haidroliki lina mafuta au halina, na chini ya gari kuna mchirizi mpya au hakuna. Majibu ya maswali hayo matatu yatamwokolea fundi muda mwingi.

Kipuri sahihi na haki ya mnunuzi

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha barabarani gari lililo bovu, na usukani ni miongoni mwa mambo ambayo wakaguzi wa magari wa Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi huyaangalia. Kwa magari ya biashara, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ndiyo inayotoa leseni za usafirishaji. Ni vema ieleweke kwamba ukaguzi huonesha hali ya gari siku lilipokaguliwa. Mkanda uliokuwa mzima Januari unaweza kuwa umechanika Juni.

Kuhusu vipuri, malalamiko ya kawaida ni vipuri bandia vilivyowekwa katika maboksi yenye nembo za kampuni zinazojulikana. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) husimamia ubora wa bidhaa, na Tume ya Ushindani (FCC) ina jukumu la kupambana na bidhaa bandia na kumlinda mlaji. Taasisi zote mbili hupokea malalamiko, lakini lalamiko lisilo na risiti ni gumu kulifuatilia. Wanunuzi wengi huacha risiti ya kielektroniki dukani kwa ajili ya punguzo dogo la bei, na kwa kufanya hivyo hupoteza ushahidi pekee waliokuwa nao. Anayekwenda kununua pampu, mpira wa presha au mkanda abebe kipuri cha zamani na namba ya chesesi. Namba iliyochapwa mgongoni mwa mkanda hueleza urefu na idadi ya mistari yake, na tofauti ndogo katika namba hiyo ndiyo huufanya mkanda mpya ulegee au ukaze kupita kiasi hadi kuua beringi.

Vipuri vilivyotumika si vibaya kwa sababu tu vimetumika. Raki halisi iliyotolewa kwenye gari zima huweza kudumu kuliko mpya isiyojulikana ilikotengenezwa. Sili na mikanda, hata hivyo, si vitu vya kununua vikiwa vimetumika, kwani umri wa mpira hauonekani vizuri kwa nje.

Upande wa mafundi, wengi wa wanaohudumia magari ya Sumbawanga walijifunza kazi kwa kumtazama fundi aliyewatangulia, na ujuzi huo una thamani kubwa. Mifumo ya umeme imeongeza mahitaji ambayo macho na masikio hayatoshi kuyakidhi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na chuo chake cha mkoa kipo Sumbawanga. Kwa magari ya Serikali, matengenezo husimamiwa na Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA).

Mwenye gari pia ana kazi yake, nayo huanza na daftari. Kila kipuri kinapobadilishwa, iandikwe tarehe, kilomita zilizosomeka na sababu iliyotolewa na fundi. Kipuri kilichotolewa kidaiwe na kitazamwe. Mkanda uliolika upande mmoja, uliovimba kwa mafuta au uliopasuka kwa uzee ni mikanda mitatu yenye hadithi tatu tofauti, na fundi aliyeoneshwa miwili ya kwanza hatafunga wa tatu kabla ya kuzungusha puli.

Ukaguzi wa nyumbani hauhitaji chombo chochote cha kununua. Jioni gari likiegeshwa, boksi la karatasi lililokunjuliwa liwekwe chini ya sehemu ya mbele hadi asubuhi. Tone la maji safi ni la kiyoyozi. Tone jeusi zito mara nyingi ni la injini. Tone jekundu au la rangi ya kahawia hafifu, lililo karibu na gurudumu au chini ya mkanda, mara nyingi ni la haidroliki, na gari hilo lipelekwe kwa fundi kabla halijapakiwa magunia.